Sauti Ndani ya Ndama wa Fedha

I

Siku walipomtoa ndama kaburini, maji ya chumvi yalikuwa yamekwisha fika kwenye ukingo wa kilima cha Tal Samha. Pampu zilinguruma tangu alfajiri. Upande wa kusini, palipokuwa na mashamba ya ngano na kijiji cha wafuga nyati, sasa zilionekana nguzo za umeme tu, zimesimama majini. Ghuba ilikuwa inarudi kuchukua ardhi iliyoiacha maelfu ya miaka nyuma, na serikali ya Iraki ilikuwa imetoa amri moja kwa wachimbaji wote wa kusini: okoeni mnachoweza.

Mwanakombo Shee alikuwa amelala kifudifudi kwenye ubao uliolazwa juu ya shimo, mikono yake imening'inia chini. Alikuwa mhifadhi wa vikale, mzaliwa wa Siyu katika pwani ya Waswahili, na alikuwa ameitwa huku kwa ajili ya mikono hiyo. Mbele yake palikuwa na kinubi ambacho hakikuwapo tena. Mbao zake zilioza zamani zikaacha uwazi kwenye udongo, naye alikuwa ameujaza uwazi ule kwa plasta, kijiko kwa kijiko, mpaka umbo likarudi: sanduku la sauti, mihimili miwili, na vijishimo vya nyuzi. Kitu pekee kilichobaki cha asili kilikuwa kichwa cha ndama kilichopachikwa mbele ya sanduku.

Kilikuwa cha fedha, lakini fedha iliyoliwa na chumvi hadi ikawa ya kijivu na dhaifu kama ganda la yai. Macho yalikuwa ya gamba la kombe, mboni zake jiwe la buluu. Masikio yalisimama mbele. Fundi aliyemchonga hakumfanya mkali kama mafahali wa makaburi mengine ya kifalme. Alimfanya ndama wa siku chache, mdomo umeachama kidogo, kama anayemwita mama yake.

"Yuko hai?" aliuliza Dkt. Shatha Abbud kutoka ukingoni. Hivyo ndivyo mkuu huyo wa uchimbaji alivyouliza juu ya kila kitu kilichotoka ardhini.

"Anapumua," Mwanakombo akajibu. "Shusheni mto wa kumlazia."

Walipomwinua, chini yake ikabaki mifupa ya vidole vya mwanamke, bado imekunjwa pale nyuzi zilipokuwa. Nyuma ya mpiga kinubi walilala wanawake wengine wanne kwa mstari, ubavu kwa ubavu, kila mmoja na bakuli dogo karibu na mkono. Malkia waliyemsindikiza alikuwa ndani ya chumba cha mawe, peke yake, kitandani kwake.

II

Maabara ilikuwa kontena lililopoozwa, lililopandishwa juu ya nguzo. Humo ndimo ilimokuwa mashine ya mwangwi, na Yohana Kisamo, mhandisi kutoka Same, ndiye aliyeiendesha.

Wafuaji fedha wa zamani walikuwa na desturi ya kujaza lami ya moto ndani ya sanamu zao, ili ngozi nyembamba ya madini isibonyee. Katika shimo la kaburi lililojaa mienge na pumzi za watu, lami ile ililainika tena. Nyuzi za kinubi zilipopigwa, sanduku lilitetemeka, na chembe za lami zikajipanga kwa mtetemo ule. Kisha lami ikapoa, tabaka baada ya tabaka, hadi shimo lilipofukiwa, na chembe zikabaki vilevile. Mashine ilipitisha mwali wa mwanga mwembamba kuliko unywele, ikasoma chembe moja baada ya nyingine, na kompyuta ikaurudisha mpangilio ule kuwa sauti. Ganda la nje lilipoa kwanza, kwa hiyo lilishika sauti za mwanzo. Kadiri ulivyoingia ndani, ndivyo ulivyoukaribia mwisho.

Tatizo ni kwamba lami iliyosomwa iligeuka jivu. Hakuna sauti iliyoweza kusomwa mara mbili.

"Dada, kaa," Yohana alimwambia Mwanakombo. "Hili usilisikie ukiwa umesimama."

Dkt. Shatha alikuwa ameketi tayari, na kando yake Ustadh Hazim, mzee aliyesoma vigae vya Kisumeri maisha yake yote. Yohana akafungua sauti ya ganda la nje.

Kwanza ulisikika mvumo, kama upepo mdomoni mwa mtungi. Kisha mtu akakohoa. Uzi mmoja ukapigwa, ukakazwa, ukapigwa tena. Mahali fulani nyuma mwanamke akacheka na mwingine akamnyamazisha. Halafu nyuzi zikaanza, taratibu, na juu yake ikapanda sauti ya mwanamke, si nzuri sana, nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kuimba kila siku.

Ustadh Hazim alishika meza.

"Herufi ile aliyoitoa sasa hivi," alisema kwa Kiarabu, machozi yakimtoka. "Tumeitamka vibaya. Mimi, na walimu wangu, na walimu wao. Sote tumeitamka vibaya."

"Anaimba nini, Ustadh?" Mwanakombo akauliza.

"Anamwimbia ndama. 'Mweupe wangu, mama yako yuko malishoni. Usilie, mweupe wangu, jua likishuka atakuja.'" Mzee akafuta miwani. "Na wale wengine wanaitikia: 'Atakuja, atakuja.'"

Waliusikia wimbo ule hadi pale sauti ya mwanamume ilipoingia kwa neno moja, kavu. Hapo ganda la nje likaisha. Yohana akazima.

"Yaliyobaki yote yamo ndani," alisema. "Lami ya katikati iko salama, nimeipima. Lakini ngozi ya fedha imeshikiliwa na lami hiyo tu. Tukiisoma, kichwa kitaporomoka."

Dkt. Shatha alikuwa anamtazama Mwanakombo, kwa sababu, palipo na sauti za watu wanaokufa, Sheria ya Mwangwi ilitaka funguo mbili: moja ya mhandisi na moja ya mhifadhi. Sheria hiyo ilitungwa baada ya watu kununua ukuta wa mgodi uliofukia wachimbaji, wakausoma, kisha wakafungua ukumbi ambamo wageni walivaa vipokea sauti na kusikiliza binadamu wenzao wakikosa hewa. Foleni ilizunguka mtaa. Mwanakombo aliwahi kupita mbele ya ukumbi ule akawaona vijana wakitoka wanacheka.

"Mimi ufunguo wangu siutoi," alisema.

III

Dkt. Shatha hakubishana naye mbele ya wengine. Alasiri alimkuta amekaa kwenye ngazi za kontena, akamletea chai kwenye istikani, bilauri ndogo ya kioo, akaketi kidato cha chini yake. Walipokuwa wawili tu, Shatha alipenda kusema Kiswahili, hata alipokosea.

"Ndama tumekwisha mpiga picha kila upande," alianza. "Nakala yake itafanana naye hata kwa nyufa."

"Si ndama tu, Daktari."

"Najua. Basi niambie."

Mwanakombo alizungusha istikani mkononi. "Kwetu maiti huoshwa ndani ya pazia. Hata awe mgeni aliyeokotwa ufuoni, asiyejulikana jina, pazia linafungwa. Na anayemwosha hasimulii alichokiona. Yule dada anakufa mle ndani. Pumzi yake ya mwisho imo mle. Sisi ni nani tukae kwenye viti tumsikilize?"

"Na mwoshaji akikuta jeraha la kisu?" Shatha akauliza. "Anyamaze?"

Mwanakombo alitazama kule shimoni, na Shatha akaendelea.

"Vitabu vinasema walikunywa kwa hiari. Vimesema hivyo tangu makaburi ya kwanza yalipofukuliwa. Wanawake waaminifu, wamempenda malkia wao, wamelala kwa utulivu. Watoto wa shule wanachora picha yao. Makumbusho mapya ya Basra yana ukuta mzima wa picha hiyo. Mimi nimeyaona mafuvu, Mwanakombo. Moja lina tundu. Naambiwa ni uzito wa udongo. Labda. Lakini jibu limo katika kichwa cha ndama, na maji yakifika hapa hakutakuwa na kaburi lingine la kuuliza."

"Hakuna anayetudai jibu."

"Mimi ninalidai." Shatha aliweka istikani yake chini. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko ya Mwanakombo, na watu wa Baghdad mara nyingi walimwuliza ametoka nchi gani. "Bibi wa bibi yangu alichukuliwa kwenye pwani yenu, akauzwa Basra. Jina alilozikwa nalo alipewa na aliyemnunua. Kwetu Zubeir, kwenye ngoma zetu, kuna maneno tunaimba hatujui maana yake. Nilijifunza Kiswahili ukubwani ili niyatafute. Nimeyapata matatu. Mengine labda ni lugha nyingine, labda yamechakaa tu. Ningeletewa mlango, au mnyororo, wenye sauti yake ndani, hata kama analia, ningesikiliza. Ningesikiliza mpaka mwisho."

"Wewe ni mjukuu wake. Una haki. Huyu hana mjukuu."

"Basi asiye na mjukuu asikilizwe na nani?"

Upepo ulileta harufu ya tope la chumvi. Shatha aliondoka, na Mwanakombo akashuka shimoni, kwa kuwa ilibaki kazi ya kuinua mifupa kabla maji hayajapenya.

Alianza na mpiga kinubi. Alipopangusa udongo kando ya mfupa wa paja, brashi yake ikagusa mbavu ndogo ambazo asubuhi walidhani ni za mwana-mbuzi wa sadaka. Aliendelea kupangusa. Zikafuata bega, uti wa mgongo, taya. Kwenye taya meno ya utoto yalikuwa bado yamekaa, na chini yake meno ya ukubwani yakingoja kuota. Alikuwa mtoto wa miaka mitano au sita, amelazwa kichwa kwenye paja la yule mwanamke. Fuvu lake lilikuwa limepasuka upande mmoja, na upande ule ulikuwa juu, mbali na uzito wowote wa jiwe. Hakukuwa na bakuli karibu naye.

Mwanakombo aliweka brashi chini. Alimkumbuka bibi aliyewafundisha kuosha maiti Siyu, Bi Esha Kombo, ambaye siku moja alitoka nje ya pazia, akavua kanga yake ya kichwani na kuwaambia wanaume waliokuwa wakingoja jeneza: "Hazikwi. Kamwiteni polisi kwanza." Tangu utotoni alikuwa amekumbuka pazia tu. Hilo la kutoka nje ya pazia alikuwa amelisahau.

Alipanda ngazi akamkuta Shatha.

"Kuna mtoto," alisema. "Nitatoa ufunguo. Lakini tutasikiliza sisi wanne, wima, hakuna kiti. Na sauti haitoki kwenda kwa mtu mpaka mimi na Yohana tukubali sote wawili. Niahidi."

"Nakuahidi."

"Sema wallahi."

"Wallahi," Shatha akasema.

IV

Walisubiri hadi baada ya sala ya adhuhuri siku iliyofuata. Mwanakombo alimweka ndama kwenye mto wa mchanga, akampangusa vumbi la mwisho machoni. Akamwomba radhi kimoyomoyo, akaingiza ufunguo wake. Yohana akaingiza wa kwake.

Mwanamume yule alilirudia neno lile kavu.

"'Pokeeni,'" Ustadh Hazim akafasiri kwa sauti ya chini. "Anawapa mabakuli."

Nyuzi hazikukoma. Mwimbaji alirudia ubeti wa ndama, na wanawake wakaitikia, atakuja, atakuja. Aliposhika ubeti wa pili, walioitikia walikuwa wachache. Kwenye ubeti wa tatu ilibaki sauti moja nyuma, inakokota maneno kama mlevi. Kisha hata hiyo ikanyamaza, na mwimbaji akaitikia mwenyewe.

Ndama aliingia ufa kutoka jicho la kushoto hadi mdomoni. Mwanakombo aliuona akajizuia kunyoosha mkono.

Sauti ya mtoto ikasikika karibu sana. Ilikuwa neno moja.

"'Chungu,'" alisema Ustadh Hazim. "Amekionja kinywaji."

Mwimbaji akasema kitu kwa upole, vidole vyake bado kwenye nyuzi.

"'Mtazame ndama. Usimtazame yule, mtazame ndama.'"

Hatua zikasogea. Yule mwanamume akasema maneno machache. Mzee alifumba macho, hakufasiri.

"Ustadh," Shatha akamwambia. "Tafadhali."

"'Huyu hakunywa.' Anasema hivyo tu. 'Huyu hakunywa.'"

Kikafuata kishindo kifupi. Nyuzi zikakatika sauti zote kwa pamoja, kama mtu aliyeziangukia kwa kifua. Yohana aligeuka ukutani. Ndani ya kontena ikabaki pumzi ya mwanamke yule tu, inapanda na kushuka. Sikio la kulia la ndama likadondoka mchangani bila kelele.

Ndipo mwimbaji alipozungumza. Hakuimba tena. Sauti ilikuja kubwa na ya karibu, hata Yohana akakimbilia kuipunguza, maana mwanamke huyo alikuwa ameuweka mdomo wake kwenye kichwa chenyewe cha ndama, na alisema haraka kama mtu asiye na muda.

"Anaongea na Malkia wa Nchi ya Chini, mungu wao wa kuzimu," alisema Ustadh Hazim, naye akiharakisha. "'Wanakuja kwako bila mtu wa kuwataja. Mimi nawataja. Huyu ni Ninesha. Huyu ni Gemebara, binti wa mfinyanzi. Huyu ni Amazida. Huyu ni Ninkuzu, alinifundisha kinubi. Na huyu ni Tura, hakunywa, ana usingizi, mbebe. Na mimi ni...'"

Uso wa ndama uliingia ndani. Hakukuwa na mlio. Kilichokuwa kichwa kikawa lundo la vumbi la kijivu na jivu jeusi, na macho mawili ya kombe juu yake.

Spika zilitoa mvumo mtupu.

"Yohana," Mwanakombo alisema. "Jina lake."

Yohana alikuwa tayari ameinama kwenye kompyuta. Alichuja mvumo ule, akaurudia, akauchuja tena. Walisimama wote wakimngoja. Hatimaye aliondoa mikono mezani.

"Hakuna kitu, dada. Lami imeishia hapo."

Dkt. Shatha, ambaye katika miaka yote ya kufukua wafu hakuna aliyewahi kumwona akilia, aliketi sakafuni akajifunika uso kwa mtandio wake.

V

Mkurugenzi aliyetumwa na wizara alifika kwa boti ya injini, suruali yake imekunjwa magotini. Alikuwa mtu wa adabu. Alisikiliza taarifa yote, akakubali kwamba ukuta wa makumbusho utapakwa rangi upya, na kwamba watoto wa shule wataambiwa ukweli. Kisha akaomba sauti yenyewe, yote, kwa ajili ya ufunguzi wa makumbusho.

"Majina chukueni," Mwanakombo alimwambia. "Mpiga kinubi alipotaja majina, alitaka asikike. Hiyo ni yake na aliitoa mwenyewe. Yachezeni mlangoni asubuhi hadi jioni. Lakini kile kishindo, na mtoto yule, hakuvitoa kwa ajili ya wageni. Mtafiti anayetia shaka aje, tumfungulie, asimame asikilize. Sauti hiyo ukumbini haiendi."

"Bi Mwanakombo, umetupotezea ndama wa fedha. Hapakuwa na mwingine kama yeye duniani. Sasa unatunyima hata tulichokipata kwake?"

"Ndiyo, Mkurugenzi."

Mkurugenzi alimgeukia Shatha. "Daktari, wewe ndiye mkuu hapa. Mwamuru."

Mwanakombo aliona jinsi Shatha alivyosita. Alijua alichokuwa anawaza: kwamba watu hawaamini wasichokisikia, kwamba vitabu vilivyodumu muda mrefu havifutwi kwa neno la watu wanne. Na yeye mwenyewe hakuwa na hakika kwamba Shatha angekosea akisema ndiyo.

"Niliapa," Shatha akasema mwishowe. "Muulizeni mhandisi kama ataitoa bila idhini ya Mwanakombo."

Yohana alitikisa kichwa.

Leseni ya Mwanakombo ilifutwa kabla ya wiki ile kuisha. Hakupewa sababu nyingine ila uharibifu wa hazina ya taifa, na hakukata rufaa, kwa kuwa uharibifu ule aliufanya kweli.

Siku ya kuondoka, waliibeba mifupa hadi kwenye uwanda mkavu wa magharibi, mahali ambapo bahari haitarajiwi kufika. Wafanyakazi walichimba kaburi moja pana. Mwanakombo alimlaza mpiga kinubi kwanza, kisha mtoto, kichwa kwenye paja la yule mwanamke kama alivyomkuta, kisha wale wanne. Vumbi la ndama alilimimina kati ya vidole vilivyokunjwa.

"Dua zao hatuzijui zote," Ustadh Hazim alisema. "Lakini tunajua walifanya hivi: waliwataja wafu wao majina, wakawamiminia maji, ili wasikae na kiu huko chini."

Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa ndiyo iliyokuwapo. Dkt. Shatha aliishika kwa mikono miwili. Akasema Ninesha, akamimina. Akasema Gemebara binti wa mfinyanzi, akamimina. Amazida. Ninkuzu. Kwa Tura sauti yake ilikatika, akarudia tena mpaka jina likatoka zima.

Halafu akasimama na chupa mkononi, kwa kuwa hakukuwa na jina lingine. Wafanyakazi walingoja na makoleo yao. Ustadh Hazim alitazama chini.

Mwanakombo aliichukua chupa kutoka mikononi mwake, akapiga magoti ukingoni.

"Na wewe," alisema kwa Kiswahili, akamimina maji yote yaliyobaki.